Kiti cha motokari na mgongo wenye siatike: mwongozo kamili kwa wanaosafiri Lubumbashi

Wenye maumivu ya mgongo mjini kwetu huuliza sana motokari gani ina kiti kizuri. Hakuna kiti kinachomfaa kila mtu. Kinachompumzisha mwenye miguu mirefu humtesa mfupi, na kile kiti laini kinachosifiwa na kila anayekijaribu kwa dakika mbili ndicho kinachomfanya mtu ashuke Likasi akichechemea. Lakini kipimo unacho tayari mwilini mwako: ukikaa kwenye kiti hicho, maumivu yanaelekea wapi?

Siatike ni maumivu yanayoshuka mguuni neva ya siatike ikisumbuliwa. Neva hiyo ni kubwa kuliko neva nyingine zote za mwili. Mizizi yake hutoka chini ya uti wa mgongo, kuanzia L4 hadi S3 (L ni pingili za kiuno, S ni za mfupa ulio chini yake), huungana, hupita ndani ya tako, kisha hushuka nyuma ya paja mpaka unyayoni. Mara nyingi kinachoisumbua ni diski (kile kimto kilicho kati ya pingili) iliyochomoza kati ya L4 na L5, au kati ya L5 na S1. Ndiyo maana shida iko kiunoni lakini kilio kinasikika mguuni.

Sasa kanuni yenyewe, ambayo wataalamu wa kine (tiba ya viungo kwa mazoezi) huitumia kila siku, na ambayo ilienezwa duniani na Robin McKenzie wa New Zealand. Maumivu yakipanda kutoka mguuni na kukusanyika kiunoni, mkao huo unakusaidia, hata kama kiuno chenyewe kinauma zaidi kidogo. Yakishuka kutoka tako kwenda pajani, kutoka paja kwenda kwenye shavu la mguu, au ganzi ikifika vidoleni, mkao huo unaidhuru neva. Kila hatua ninayoeleza hapa ipime kwa kanuni hiyo. Mguu wako ukikataa ninachosema, ufuate mguu.

Kuna kundi moja linalohitaji tahadhari tofauti. Wazee wengi wana mfereji wa uti wa mgongo uliojibana. Hao huumia wakitembea au wakisimama, na hupata nafuu wakikaa au wakiinama mbele. Kama wewe ni mmoja wao, usijilazimishe kuweka mto mnene kiunoni, kwa sababu utakunyima ile nafuu uliyokuwa nayo.

Kwa nini motokari huuma kuliko kiti cha nyumbani

Ukikaa, nyonga huzunguka kurudi nyuma na kile kipindo cha asili cha kiuno hupotea. Katika miaka ya 1960 daktari Alf Nachemson wa Sweden alipima shinikizo ndani ya diski za watu walio hai, akaona linapanda mtu anapokaa bila kuegemea. Watafiti waliofuata wamebishana kuhusu ukubwa wa tofauti kati ya kukaa na kusimama. Hata hivyo, kuegemea nyuma kidogo kiuno kikiwa kimeshikiliwa hupunguza mzigo, na hilo ndilo la kukumbuka.

Nyumbani, kiti kikikuchosha unajigeuza au unanyanyuka. Kwenye motokari mguu mmoja uko kwenye pedali, mikono iko kwenye volani, na huwezi kusimama. Juu ya hayo kuna mtikisiko. Mwili wa mtu aliyekaa huitikia vibaya zaidi mitikisiko ya mara 4 hadi 6 kwa sekunde, na barabara iliyochakaa hutoa mitikisiko ya aina hiyo kwa wingi. Sponji nene na laini haizimi mitikisiko hiyo, mara nyingi huiongeza. Kwa hiyo usichanganye ulaini na unafuu.

Panga kwanza kiti ulicho nacho

Kabla hujatoa hata franka moja, tumia nusu saa kupanga kiti ulicho nacho. Simamisha motokari mahali tambarare, zima mota, vaa viatu unavyoendeshea. Fuata mpangilio huu, kwa sababu kila hatua hutegemea iliyotangulia.

Toa vitu vyote kwenye mifuko ya nyuma. Noti zetu zinafanya bunda nene hata kwa pesa kidogo, na bunda hilo chini ya tako moja huinamisha nyonga upande na kuikandamiza neva pale inapopita. Kuna watu ambao siatike yao ilipungua kwa hatua hii peke yake. Weka pesa mbele, simu kwenye mlango.

Sukuma makalio mpaka mwisho wa kiti. Watu wengi hukaa katikati halafu wanaegemeza mabega tu, hivyo kiuno kinabaki hewani.

Sogeza kiti mbele au nyuma mpaka uweze kukanyaga breki hadi chini (na ambreyaji, yaani klachi, kama gia ni za mkono) huku goti likiwa bado limekunjika kidogo. Mguu ukinyooka kabisa, neva inavutwa na nyonga inasogea kila unapokanyaga. Kosa hili naliona sana kwa vijana wanaopenda kuendesha wamelala.

Kisha urefu. Nyonga ziwe sawa na magoti au juu yake kidogo. Kiti kikiwa chini na magoti yakapanda, kiuno hujikunja chenyewe, hata uwe na mto wa namna gani. Baadhi ya motokari ndogo zilizotumika Japani hazina mtambo wa kuinua kiti, na hapo ndipo mto wa mwinuko unapofaa. Nitaueleza chini.

Tazama ukingo wa kiti nyuma ya magoti. Panatakiwa pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu. Kiti kikigusa nyuma ya goti, kinabana na utaanza kujivuta mbele bila kujua. Nafasi ikiwa kubwa kuliko kiganja, mapaja hayana msaada na uzito wote unabaki kwenye makalio.

Egemeo la mgongo lirudi nyuma kidogo tu, kama digrii 100 hadi 110 kutoka kwenye kikalio. Simu nyingi zina programu ya kupima mwinamo, unaweza kuilaza kwenye egemeo. Egemeo likiwa wima kabisa linachosha, na likilala sana linakulazimisha kuinua shingo na kunyoosha mikono.

Kiuno sasa. Kama kiti kina msaada wa kiuno unaorekebishwa, anza msaada huo ukiwa umerudishwa ndani kabisa, kisha uuongeze kidogo kidogo. Unatakiwa kuusikia unakujaza, si kukusukuma. Mahali pake ni usawa wa mkanda wa suruali au juu yake kidogo. Ukiwekwa juu zaidi, mbavuni, unaharibu badala ya kusaidia.

Volani ije kwako, wewe usiifuate. Mabega yakiwa yamegusa egemeo, nyoosha mkono: kifundo cha mkono kifike juu ya volani. Kati ya kifua na katikati ya volani pabaki angalau sentimita 25, kwa sababu ya mfuko wa hewa (airbag). Kiegemeo cha kichwa kipandishwe mpaka usawa wa juu ya kichwa.

Vioo vipange mwisho, ukiwa umekaa vizuri kabisa. Baada ya hapo, ukiona kioo cha ndani hakikuonyeshi tena dirisha lote la nyuma, si kioo kilichosogea, ni wewe umeporomoka. Hivyo kioo kitakukumbusha mkao wako barabarani siku nzima.

Endesha nusu saa, kisha simama na ujiulize: mguu unasemaje? Badilisha kitu kimoja kwa mara moja. Ukibadilisha vitatu pamoja hutajua kipi kilichosaidia.

Taulo kabla ya mto wa dukani

Kunja taulo la kuogea liwe mviringo, unene wake uwe kama kifundo cha mkono wako, lifunge kwa mpira au kamba, uliweke usawa wa mkanda. Kwa siku chache za mwanzo tumia jembamba, maana kiuno kilichozoea kujikunja hulalamika kikirudishwa ghafla. Ukishajua unene unaokufaa, ndipo ununue mto au umpe fundi wa viti akushonee wenye mkanda wa kuufunga kwenye egemeo. Usipofungwa utateleza kila unaposhuka.

Mto wa kukalia una aina tatu unazoweza kukutana nazo mjini. Ule wa mwinuko, mnene nyuma na mwembamba mbele, huinua nyonga na ndio unaowafaa wengi kwenye viti vya chini. Ule uliokatwa nafasi nyuma katikati ni kwa anayeumwa mfupa wa mkia. Ule wa mviringo wenye tundu katikati siupendekezi kwa dereva: unayumba, na mtu anayeyumba hukaza kiuno muda wote.

Mto wa kukalia usizidi unene unaokuacha ukanyage breki vizuri na kichwa kiwe mbali na paa. Usiweke mito miwili, mmoja juu ya mwingine. Mkanda wa usalama lazima ubaki chini, juu ya mifupa ya nyonga. Mito ikikuinua na kuteleza, mkanda hupanda tumboni, na ajali ikitokea unaumiza matumbo.

Kumpelekea fundi kiti kilichokufa

Motokari nyingi tunazonunua zimeshatumika miaka kumi au zaidi kabla ya kufika. Sponji ya kiti cha dereva imechoka, hasa upande wa mlango ambako mtu huingilia na kutokea. Kiti kinainama upande mmoja na mgongo unapinda kufuata. Kujua ni rahisi: laza chupa ya maji yenye hewa kidogo ndani, ukiikingamisha kutoka upande hadi upande wa kiti, na utazame kipovu kinakimbilia wapi. Bonyeza kwa ngumi pia. Ukigusa chuma, sponji haipo tena.

Fundi wa viti anaweza kukirudishia uhai kwa pesa ndogo kuliko kubadilisha motokari. Lakini mwelekeze. Ukimwachia achague, mara nyingi atajaza sponji ya godoro kwa sababu ndiyo iliyo karibu. Sponji hiyo ni nyepesi. Inapendeza wiki ya kwanza, kisha inalala. Omba sponji nzito, ya kilo 40 kwa mita ya ujazo au zaidi, iwe ndiyo sehemu kubwa ya kiti, na juu yake tabaka jembamba laini la sentimita mbili hivi. Aangalie pia spring na nyaya za chini, maana sponji mpya juu ya waya uliokatika ni kazi bure. Umbo la zamani lisibadilishwe kuwa bonde; kikalio chenye bonde huzungusha nyonga nyuma.

Kaa juu ya kiti kabla hakijavishwa kitambaa. Kaa dakika kumi na tano palepale kwa fundi. Akikuharakisha, mwambie kwa upole kwamba mgongo ndio utakaolipia.

Mambo mawili usiyakubali. La kwanza, kuinua kiti kwa vipande vya mbao au kwa kuchomelea vyuma vya kubuni chini ya reli: boliti za kiti ndizo zinazokushika wakati wa mgongano. La pili, kukata waya wenye soketi ya njano chini ya kiti, au kuvika ganda zito kwenye kiti chenye mfuko wa hewa ubavuni. Njano hiyo ni alama ya mfuko wa hewa.

Ukiwa unatafuta motokari

Muuzaji atakuonyesha mota na rangi. Wewe anza na kiti, tena uje na taulo lako. Kaa dakika 20 hadi 30 na mota ikiwa imezimwa, kisha uombe kuendesha, na uchague njia mbaya: barabara ya udongo ya Katuba au Ruashi itakwambia mengi kuliko lami.

Angalia kama miguu yako inaelekea mbele sawasawa. Kwenye motokari nyingi ndogo, nafasi ya gurudumu inasukuma pedali upande mmoja, na dereva anaendesha nyonga zikiwa zimejipinda kuelekea upande huo. Kasoro hii haina mto wa kuitibu. Ukiiona, acha motokari hiyo hata kama bei ni tamu.

Gia nazo zina neno. Siatike yako ikiwa mguu wa kushoto, gia za otomatiki zitakuokoa na ambreyaji, hasa kwenye foleni ya mjini saa za jioni. Ikiwa mguu wa kulia, otomatiki haikutoshi, kwa sababu mguu huo ndio wa mafuta na breki. Tafuta yenye mtambo wa kushikilia mwendo, na uutumie kwenye barabara wazi tu.

Kisha kuna swali la volani ya kulia. Hapa kwetu tunapita kulia, lakini motokari zinazotoka Japani zina volani kulia. Bei yake inavutia, nami sitamlaumu anayeinunua. Ila mwenye mgongo ajue gharama yake: kila unapotaka kupita lori la madini kwenye njia ya Likasi, unainama na kujipinda kushoto ili uone mbele. Unapofika peaji, pale pa kulipia barabara, unajinyoosha kuvuka kiti cha pili. Mwendo huo wa kuinama na kujipinda kwa pamoja ndio diski inauchukia kuliko yote. Kama mfuko wako unaruhusu uchague, chagua volani ya kushoto. Kama hauruhusu, safiri na mtu mbele akulipie peaji na akutazamie njia.

Kuhusu urefu wa motokari: kiti kinachofikia usawa wa makalio yako ukiwa umesimama ndicho rahisi, unaingia kwa kuteleza kando. Motokari ndogo kama Vitz au IST zinakulazimisha ushuke. Land Cruiser za mfululizo wa 70, zile za migodini, zinakulazimisha kupanda juu, na nyuma zina spring za bapa zilizotengenezwa kubeba mzigo. Zikiwa tupu hupiga kiuno bila huruma. RAV4 na Prado ziko katikati kwa urefu, na wengi wenye maumivu huishia huko. Volvo wamejali viti vya mgongo tangu miaka ya 1960, na Nissan katika miaka ya 2010 walianza kutoa viti vilivyotokana na utafiti wa NASA wa jinsi mwili unavyokaa bila uzito. Ukikutana nazo, zijaribu, lakini kwa kanuni ileile ya mguu.

Kiti kikiwa kizuri na bado unaumia, tazama magurudumu. Hewa nyingi kupita kiasi hufanya tairi gumu. Kiwango sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Amotisere (shokabzoba) zilizochoka nazo hurusha motokari mara tatu au nne baada ya kila dodane, yaani tuta la barabarani. Kuzibadilisha kunaweza kukusaidia kuliko mto wowote.

Kuingia, kutoka na kusafiri

Usiingize mguu mmoja kwanza. Geuka uwe umeupa kiti mgongo, kaa, kisha zungusha miguu yote miwili pamoja na kiwiliwili. Mfuko wa plastiki juu ya kiti hurahisisha kuzunguka. Uondoe kabla ya kuondoka ili usiteleze. Kutoka ni kinyume chake.

Asubuhi ni saa mbaya kwa diski, kwa sababu usiku hunyonya maji na kuvimba. Mwezi wa sita na wa saba, baridi yetu huongeza ukakamavu wa misuli. Tembea dakika kumi kabla ya kuingia garini, na funika kiuno.

Kwenda Kasumbalesa, simama angalau mara moja kabla ya kufika. Kwenda Kolwezi kupitia Likasi, simama kila saa, na ukiwa katika kipindi kikali simama kila nusu saa. Shuka, tembea, weka mikono kiunoni uiname nyuma taratibu mara tano hadi kumi, ilimradi mguu haukatai. Barabarani, badilisha egemeo hatua moja kila baada ya muda. Mkao bora ukishikiliwa saa mbili huwa mbaya.

Dawa kama tramadol, diazepam na pregabalin zinaleta usingizi. Ukizimeza, usishike volani.

Kwa wanaopanda taksi: mbele huwekwa watu wawili, na wa katikati hukaa amepinda juu ya gia. Lipa nafasi zote mbili ukiweza. Mwambie dereva mapema, "Papa shofere, niko na mugongo, nitalipa nafasi mbili." Wengi wataelewa. Kwenye Hiace, kiti cha mbele kiko juu ya magurudumu ya mbele na benchi la mwisho liko nyuma ya magurudumu ya nyuma; kote huko utarushwa. Safu ya kwanza nyuma ya dereva, kati ya magurudumu, ndiyo tulivu zaidi. Fika mapema kituoni uipate.

Wakati kiti si tatizo tena

Siatike nyingi hupungua zenyewe ndani ya wiki 6 hadi 12 bila upasuaji, na kutembea husaidia kuliko kulala. Ikizidi hapo, muone mtaalamu wa kine au daktari. Maumivu yanayokuja na homa, jasho la usiku au kukonda yachunguzwe mapema, maana kifua kikuu huingia hata kwenye uti wa mgongo.

Lakini ukipata ganzi au ukipoteza hisia sehemu unayokalia, kati ya mapaja, ukashindwa kukojoa au kuzuia mkojo au choo, au mguu ukaanza kulegea na kuburuta, usingoje kesho. Hiyo ni dharura ya saa, si ya siku. Nenda hospitali kubwa, kama Sendwe au Cliniques Universitaires, hata usiku. Usiendeshe mwenyewe: mtu mwingine ashike volani, wewe ukae kiti cha abiria cha mbele, egemeo limelazwa kiasi na mkanda umefungwa, na mwambie daktari saa ambayo dalili hizo zilianza.